Siku nne za Gombe na mafua ya mdogo wangu

Jumatano, Mwanga, Kigoma mjini

Mdogo wangu kashuka kwenye basi la Dar saa tano asubuhi, macho mekundu, sauti imekwama kooni. Ni mtoto wa mama mdogo. Kazaliwa Temeke, kakulia Temeke, Kigoma anaijua kwa ndoo za dagaa tunazomtumia mama yake. Kabla hajanawa uso kaniambia, "Dada, safari hii sitaki hadithi za Ujiji na mwembe wa Livingstone. Nipeleke nikaone masokwe wa milimani."

Nikamuuliza masokwe gani hao. Akatoa simu, akanionyesha dume kubwa jeusi, mgongo rangi ya majivu, limekaa kwenye majani kama mzee wa baraza anayesubiri kahawa.

"Huyo ni gorila," nikamwambia. "Tanzania nzima hayupo."

"Si mnasema Kigoma kuna sokwe?"

Simlaumu sana, neno lenyewe limewachanganya wakubwa zake. Livingstone alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, kabla hajarudi Ujiji mwaka 1871 akakutwa na Stanley, aliandika kwenye daftari zake habari za mnyama aliyemwita "soko", akamdhania gorila. Waliosoma baadaye wakasema hapana, yule ni sokwe mtu, huyu huyu wa misitu ya kwetu. Kijana wa Temeke mwenye picha ya simu ataachaje kukosea?

Jioni tukakaa ukumbini tukapiga hesabu. Mimi nauza mawese kwa jumla, kila jambo kwangu linaanzia kwenye daftari. Nikamwandikia. Gorila wa milimani wako sehemu mbili tu duniani: milima ya Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Kongo wanagawana, na msitu wa Bwindi kule Uganda. Wote kwa pamoja wamepita elfu moja kidogo. Mgeni wa kutoka Ulaya akitaka kuwaona Rwanda analipa dola 1,500. Bei hiyo imepanda tangu 2017, kabla ya hapo ilikuwa 750. Uganda ni dola 800 tangu katikati ya 2024. Pesa hiyo ni kwa saa moja. Saa ikiisha kiongozi anakwambia tugeuke, hata kama gorila ndiyo kwanza kakutazama usoni.

Dola 1,500 ni karibu milioni nne za kwetu. Mdogo wangu alinyamaza, akakohoa, akanywa maji.

Nikampa nafuu. Kwa raia wa Afrika Mashariki Rwanda wanachukua dola 200, na Uganda ni shilingi 300,000 za kwao. Uso ukachangamka. Nikaendelea kuandika: basi kwenda Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, mpaka wa Rusumo, Kigali, halafu Musanze chini ya milima. Hati ya kusafiria. Kulala. Gari la kukodi asubuhi, maana ofisi ya hifadhi iko mbali na mahali pa kuanzia kupanda, na usafiri huo ni juu yako. Mpagazi wa kukubebea begi na kukushika mkono kwenye matope. Tulipofika chini ya ukurasa, ile ada ilikuwa kitu kimoja tu kati ya vingi. Yeye alikuwa na laki nne na siku sita za likizo, mbili zimeshaliwa na basi.

"Basi hao wa kwenu," akasema. Alivyosema "wa kwenu" ungedhani nimemtengea kiporo.

Hapa nikiri jambo. Nina miaka arobaini na moja, nimezaliwa Ujiji, na Gombe, hifadhi ya hao sokwe, sijawahi kukanyaga. Nimepita mbele yake kwa boti mara ambazo sizihesabu, nikienda Mwamgongo kuchukua mawese na kurudi na madumu. Naona ule msitu, naona vijumba ufukweni, basi. Watu wa Kigoma wengi tuko hivyo. Gombe tuliwaachia wazungu tangu zamani, na hakuna aliyetuzuia.

Usiku kakohoa. Mama kampikia tangawizi na limau. Alisema ni kiyoyozi cha basi.

Alhamisi, Kibirizi hadi Kasekela

Huku kwetu jua linachelewa. Saa kumi na mbili asubuhi bado kiza. Mgeni aliamka akifikiri ni usiku, akarudi kulala.

Mwaloni Kibirizi kuna namna mbili za kwenda Gombe. Ya kwanza ni kukodi boti yako. Nahodha mmoja alinitajia laki tatu na nusu kwenda na kurudi, nikacheka, akashuka hadi laki tatu, akagoma hapo. Anayo haki, petroli ya kwenda mbio saa mbili si maji. Ya pili ni boti za abiria zinazokwenda Mwamgongo na Kagunga kwenye mpaka wa Burundi. Hizo ni elfu sita kichwa, na nahodha ukimwambia mapema anakushusha Gombe njiani.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopigwa. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi mchana, saa sita, saa saba, saa nane ikibidi, zikishajaa. Zinazorudi zinapita Gombe asubuhi mapema, maana zinawaleta watu sokoni. Kwa hiyo ukipanda ya elfu sita huwezi kwenda na kurudi siku moja. Unafika Alhamisi jioni, Ijumaa unapanda mlima, Jumamosi ndiyo unarudi. Malazi mara mbili, kiingilio zaidi ya siku moja, chakula cha kubeba. Ukijumlisha, wenzako watatu au wanne wakichanga boti ya kukodi, pengo linapungua sana. Sisi tulikuwa wawili. Tukapanda ya elfu sita.

Kiingilio tulikuwa tumeshalipia mjini kwa namba ya malipo ya serikali. Mgeni wa nje analipa dola 100 kwa siku, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Sisi raia hakifiki elfu kumi na tano. Niliposikia hivyo nilimwambia yule kijana wa ofisini, "Yaani miaka yote hii ilikuwa bei ya kuku?" Akasema hata kuku siku hizi hampati.

Boti ilijaa kama kawaida yake: magunia ya unga, kreti za soda, godoro limekunjwa, mabati, mbuzi wawili, mama mmoja na cherehani. Tulivaa majaketi ya kuokolea. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina zaidi, ni la pili duniani, na wingu la Desemba halibishi hodi. Mdogo wangu alishika ubao kwa mikono miwili mpaka tulipopita kijiji cha Mtanga.

Baada ya Mtanga ndipo mtu anaona kitu ambacho mimi nimekiona mara nyingi nikakizoea. Vilima vinatoka vimevaa mihogo na michikichi, vingine vipara kabisa, udongo mwekundu umechanwa na mvua. Halafu ghafla msitu. Hapana kuzoeana, hapana kupungua kidogo kidogo. Ni kama mtu kachora mstari kutoka kileleni mpaka majini. Gombe ndiyo hiyo. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, ni kipande chembamba kati ya ziwa na kingo za juu za bonde la ufa, mnyama hana pa kukimbilia. Upande wa pili wa mstari ni sisi. Kuni zetu, mashamba yetu, na wakimbizi waliovuka hapa miaka ya tisini nao walihitaji pa kulima. Sehemu ya vile vipara imepitia kwenye madumu yangu, sitaki kujifanya. Tangu 1994 taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, imekuwa na mradi wa kuotesha miti na kupanga ardhi na vijiji hivi, na kuna mabonde ambayo mimi mwenyewe nimeyaona yakirudi kijani. Mengine bado.

Boti ikatushusha Kasekela, kambi ya hifadhi, yapata saa kumi na moja jioni, tukaruka kwenye maji ya magotini. Wa kwanza kutupokea walikuwa nyani. Wamekaa ufukweni kama wenye nyumba, wakubwa, hawana haraka. Mmoja alimtazama mdogo wangu, akatazama mfuko wenye mkate, akamtazama tena. Sekunde tatu baadaye mkate ulikuwa juu ya mti.

Kijana wa mapokezi alicheka, akatuonyesha vyumba. Madirisha na baraza zimezungushiwa wavu wa chuma. Binadamu anakula ndani ya wavu, nyani wanatembea nje wakimwangalia. Wale watoto wa shule wanaopelekwa bustani za wanyama waje hapa waone mambo yalivyogeuzwa.

Tulipika ugali wa muhogo na dagaa niliobeba. Kulikuwa na wageni wengine wawili, mke na mume kutoka Uholanzi, wamekuja na boti ya kukodi. Mke anajua Kiswahili cha darasani, kila neno kalipiga pasi. Ziwani taa za wavua dagaa zikawaka moja baada ya nyingine.

Mdogo wangu kakohoa tena usiku. Safari hii kilikuwa kile kikohozi kinachotoka chini. Nikalala na mawazo.

Ijumaa, mlimani

Saa moja na nusu kiongozi alitukusanya chini ya mti. Mtu wa makamo, mwenyeji wa vijiji vya huku. Nilimsalimia "Mwakeye" akaitikia kwa Kiha, na tangu hapo akaniita mama yake mdogo bila kuniuliza ukoo.

Akatoa masharti. Mita kumi kati yako na sokwe, yeye akija karibu, wewe rudi nyuma. Barakoa usoni muda wote. Hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate, haja kubwa unachimba shimo. Watoto chini ya miaka kumi na mitano hawapandi. Kundi lisizidi watu sita. Ukiwaona, saa moja. Saa moja ile ile ya gorila wa Rwanda, nikawaza, kwa bei ya kuku.

Halafu akauliza, "Kuna mtu ana mafua, kikohozi, homa, anaharisha? Semeni sasa."

Mdogo wangu alikuwa kavaa barakoa yake vizuri kuliko sisi wote. Alitazama ziwa.

Kiongozi hakuharakisha. Akaeleza kwa nini anauliza. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia hapa, baada ya kuwashika watu vijijini. Sokwe wakabaki wanaburuta mkono, wanaburuta mguu, wengine wakafa. Baada ya hapo mafua na vichomi vimeua mara kadhaa. Sisi na wao tunakaribiana sana kwa damu. Kinachotulaza sisi siku tatu, wao kinaweza kuwazika. Na hapa sokwe wote kwa pamoja ni kama mia moja tu.

Bado kimya. Mke wa Kiholanzi akasema, "Sisi wazima." Mimi nikamtazama mtoto wa mama mdogo. Amelala siku nzima kwenye basi, amekula nauli ya kwenda na kurudi, kwao Temeke kashatangaza. Nikajua nikikaa kimya hakuna atakayejua.

"Huyu amekohoa usiku kucha," nikasema.

Aligeuka akanitazama jinsi nyani alivyoutazama mkate. Hakusema neno. Kiongozi alimshika bega, akamwambia angebaki hapa chini, kuna ufuko, kuna kivuli, na wakati mwingine wenyewe wanashuka. Akaenda akakaa ndani ya wavu. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mtu aliyetaka kuona sokwe alibaki, na mtu asiyetaka akapanda.

Na kupanda ni kupanda kweli. Ukiangalia kwenye ramani utasema ni matembezi, lakini kutoka ziwani hadi kileleni mlima unapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na njia haina adabu: mizizi, mawe yenye ukungu, udongo wa mvua ya jana. Nina magoti ya mtu anayebeba madumu. Nilishika kila mti uliokuwa tayari kunishika.

Wafuatiliaji walikuwa wametangulia tangu kiza, wakawakuta sokwe wakiwa bado vitandani. Kila jioni kila sokwe mkubwa anakunja matawi anatengeneza kiota chake juu ya mti, asubuhi anakiacha. Wafuatiliaji wakampigia kiongozi kwenye kiredio cha mkononi: wameamka, wanaelekea bonde la Kakombe. Tukageuza njia. Dakika ishirini baadaye: wamebadilisha, wanapanda. Tukageuza tena.

Tukipumzika, mke wa Kiholanzi akaniambia wiki iliyopita walikuwa Rwanda kwa gorila. Walilipa dola 3,000 wao wawili. Nikamuuliza ilikuwaje, kwa sababu nilitaka kumpelekea mdogo wangu habari. Alisema walitembea saa mbili, kuna mianzi na upupu mkali, na wakiwa wanane kwenye kundi. Wakakuta familia imekaa. Wanakula. "Wanakula tu," akasema, kama anayeshtakia. Dume kubwa lililala chali, mtoto akampanda tumboni. Saa nzima hawakusogea zaidi ya hatua chache. Alilia, akasema, na hakujua kwa nini.

Kiongozi akamfafanulia. Gorila anakula majani na mashina, chakula kimemzunguka, hana sababu ya kukimbia. Sokwe wa hapa anafuata matunda, na tunda halikungoji. Leo liko bonde hili, kesho bonde lile, na mwenzako anaweza kulifikia kwanza. Kwa hiyo gorila unamtembelea, sokwe unamfukuzia. Mume akafuta jasho akasema kwa bei hii afadhali kufukuzia.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti inaanza chini, huu, huu, huu, inavuta pumzi, inapanda, inakuwa kelele, halafu mwingine anaitikia ng'ambo ya bonde, na mwingine, mpaka msitu mzima unakuwa kama kilabu mpira umeingia golini. Nywele zilinisimama. Sauti hiyo nimeisikia maisha yangu yote nikiwa kwenye boti, kwa mbali, nikadhani ni watu wanakata miti.

Wa kwanza niliyemwona alikuwa kwenye kazi yangu. Juu ya mchikichi, kakaa katikati ya makuti, mkono mmoja kashika kuti, mwingine unachomoa chikichi mkunguni moja moja. Anatafuna, ananyonya mafuta, anatema makapi. Mdomo umegeuka rangi ya machungwa kama wa mtoto aliyeiba sufuriani. Nilisimama pale nikamtazama. Tunachemsha, tunatwanga, tunakamua, tunajaza madumu, yeye anafupisha kazi yote. Mashine gani itashinda hiyo.

Chini yake alikuwapo mama na watoto wawili, mmoja mkubwa kiasi, mmoja bado wa mgongoni. Kiongozi alimtaja jina linaloanzia na G. Hapa ukoo unajulikana kwa herufi: watoto wa Flo, sokwe jike wa zamani, walipewa majina ya F, na wajukuu F, mpaka leo, upande wa Gremlin ni G. Herufi inafuata mama, kwa kuwa mama ndiye anayeonekana. Baba, kiongozi akasema, tunamjua kwa kupima kinyesi maabara. Nikamwambia kuna ndoa Ujiji zingefaidika na huduma hiyo.

Walikuwa wanachambuana manyoya. Sijui niseme nini kuhusu vidole vile. Mama alimgeuza mkubwa, akampasua nywele za shingoni, akatafuta, akatoa kitu, akala. Ni dada yangu barazani ananisuka. Yule mdogo aliachia mgongo, akashika mzizi unaoning'inia, akabembea, akateleza, akaangukia kichwa, akatazama kama kuna aliyeona. Sote tulikuwa tumeona.

Katikati ya saa dume likaja. Hatukulisikia. Kiongozi akasema kwa sauti ya chini, "Shikeni mti, msikimbie." Nywele zimemsimama anaonekana mara mbili ya ukubwa wake, kashika tawi kubwa analiburuza chini kwa kelele, akapita mbele yetu kwa kasi, akatupa jiwe lisilomlenga mtu, akapiga mzizi wa mti kwa miguu kama ngoma. Halafu akakaa. Akajikuna. Nilikuwa nimekumbatia mti wangu kama mume aliyerudi kutoka Kongo.

Mvua ikaja. Sisi tukatafuta makoti, simu yangu ikalowa na picha zote nilizopiga ni za ukungu. Wao hawakukimbilia popote. Walijikunja, mikono kifuani, vichwa chini, maji yanachuruzika nyusini, wakasubiri. Sura ya mtu kituoni Mwanga daladala inapochelewa.

Saa ikaisha. Kiongozi alitazama saa yake, akatutazama. Hakuna aliyebishana.

Tukishuka nilimuuliza amejuaje haya yote. Akasema Bibi Jane alishuka ufukweni hapa tarehe 14 Julai 1960, na mama yake, msichana wa miaka ishirini na sita. Mwaka ule ule akamwona sokwe akivua mchwa kichuguuni kwa kijiti alichokiandaa mwenyewe, na wasomi wa dunia wakalazimika kufikiri upya nini maana ya binadamu, kwa kuwa walikuwa wamesema kutengeneza zana ni kwetu peke yetu. Hayo kila mtu anayasikia. Kilichonigusa mimi ni cha baada ya hapo. Mei 1975 waasi walivuka ziwa usiku kutoka Zaire wakateka watafiti vijana wanne wa kigeni hapa kambini. Waliachiwa baadaye, lakini kwa miaka mingi wageni hawakuweza kukaa msituni. Kazi ikabaki kwa watu wa vijiji hivi. Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao ndio walioendelea kumfuata sokwe mmoja mmoja tangu anatoka kiotani mpaka anaingia kingine, wakiandika kwa Kiswahili kala nini, kakutana na nani, kagombana na nani. Utafiti umepita miaka 65 bila kukatika, na uti wake wa mgongo ni madaftari ya watu ambao ukiwaona Kibirizi na kanzu zao ungewapa shikamoo ukapita.

Bibi Jane amefariki Oktoba 1, 2025, ana miaka 91, akiwa Marekani kwenye ziara ya mihadhara. Kiongozi alisema kambi nzima ilinyamaza siku ile. Kisha akasema asubuhi yake wafuatiliaji walikwenda msituni kama kawaida, maana sokwe hawajui msiba wetu.

Nilimkuta mdogo wangu ndani ya wavu, kajifunika khanga yangu, pua nyekundu. Hasira ilikuwa imepungua, au homa ilikuwa imeimeza.

"Nimewasikia," akasema.

Akatoa simu. Alikuwa amerekodi zile kelele kutoka bondeni, zimefika hadi ufukweni. Tukasikiliza pamoja: mawimbi, nyani anabweka, halafu ile huu, huu, huu inaanza kupanda, inapanda, na pale inapofika kileleni, kikohozi chake mwenyewe kikubwa kinakata kila kitu. Alirudisha nyuma. Kikohozi. Akarudisha tena. Mara ya tatu nilishindwa, nikacheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, ziwani

Boti ilipita saa moja na nusu, imejaa samaki, wanawake na madumu. Wawili kati yao wananiuzia mawese. Walishangaa kuniona natokea Gombe. "Ulifuata nini huko?" Nikawaambia nimekwenda kumwangalia mteja anayekula shambani bila kulipa.

Nilifungua daftari magotini. Boti elfu ishirini na nne kwa wawili kwenda na kurudi. Viingilio. Vyumba, ambavyo vilikula kuliko vyote. Ada ya kiongozi tuligawana na Waholanzi, nao walikataa nilipe nusu, nikawapa dagaa kilo moja wakala kwa furaha na kuogopa. Mkate mmoja, wa nyani. Nilipojumlisha, kwa pesa ambayo wale wawili walilipa Rwanda kwa saa yao moja, ukoo wangu mzima wa Ujiji na Temeke ungekuja hapa, na mbuzi wa njiani angebaki na chenji. Shangazi zangu wangekataa kupanda, lakini hilo ni jambo lingine.

Mdogo wangu alikuwa akiangalia ule mstari ambapo msitu unaishia.

"Wananuka?" akauliza.

"Kidogo. Kama nguo ya mtu aliyelima."

Akanyamaza mpaka tulipoiona minara ya Kigoma.

"Ungenyamaza tu, dada. Barakoa ningevaa mbili."

Sikumjibu. Nikamwandikia nusu yake kwenye daftari, na pembeni nikaandika: hajapanda, punguzo? Nikafikiri, nikalikata lile neno punguzo.

"Nikipona," akasema, "kesho kuna boti?"

"Jumapili hazitembei. Jumatatu."

Akaanza kuhesabu likizo yake kwa vidole. Jumatatu kwenda, Jumanne kupanda, Jumatano kurudi, basi. Alifika kidole cha tatu akapiga chafya.